Kulalamika Dhidi ya Daktari: Lipi ni Kosa, Lipi ni Dharau, na Hodi Ubishe Wapi

Shangazi yangu alitoka kwa daktari akiwa ameshika karatasi ya dawa kama mtu aliyekabidhiwa barua ya kufutwa kazi. Ilikuwa Jumatatu, katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nakuru, na foleni ilikuwa imefika mlango wa nje. Alikuwa amesubiri kwa muda wa saa tatu. Ndani hakumaliza dakika tano. "Hakunigusa, hata usoni hakuniangalia," aliniambia tukielekea steji. "Nimemuuliza, daktari, kwani naugua nini? Akaniambia, hapa daktari ni nani, mimi au wewe?"

Jioni hiyo, nyumbani Free Area, sebule iligeuka mahakama. Binamu yangu alitaka daktari ashtakiwe na shangazi alipwe fidia. Mume wa shangazi alisema tuyaache, madaktari hulindana na mnyonge hana wakili. Mimi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kulianika jina la daktari yule kwenye Facebook usiku uo huo. Jirani yetu, muuguzi mstaafu aliyekuwa amekuja kumjulia mgonjwa hali, alitusikiliza mpaka tukachoka wenyewe, kisha akauliza: "Sasa nyinyi mnalalamikia nini hasa? Maneno yake, dawa aliyoandika, au pesa mliyolipa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimesoma sheria, nimeketi na wakili na madaktari wawili, na nimeelewa kwa nini swali lile lilitunyamazisha. Malalamiko mengi ya wagonjwa hufia njiani kwa kuwa hubebwa yakiwa furushi moja. Ndani yake mna tusi, mna shaka juu ya dawa, mna bili iliyovimba, na pengine mna uchungu wa mtu aliyefariki. Kila kimoja kina sheria yake, ofisi yake na ushahidi wake. Ukilitua furushi zima kwenye meza moja, mwenye meza atakwambia hilo si lake, na mara nyingi atakuwa anasema kweli.

Mgonjwa hakupona. Je, daktari amekosea?

Hapa ndipo panapochanganya watu kuliko mahali pengine pote, nami nitakaa hapa kidogo.

Chukua mtoto wa miaka mitatu wa Nyalenda, Kisumu, aliyeshikwa na homa kali. Eneo la Ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo daktari anaagiza apimwe damu, malaria inaonekana, mtoto anaandikiwa AL, dawa ya malaria, na kurudishwa nyumbani. Siku mbili baadaye anadegedega. Anakimbizwa hospitali nyingine na kumbe alikuwa pia na homa ya uti wa mgongo. Anapona, lakini masikio hayasikii tena.

Mama atasema daktari wa kwanza alimharibia mtoto, na ni nani atamlaumu kwa kusema hivyo? Mahakama, lakini, itataka mambo manne yathibitishwe: kwamba daktari alikuwa na wajibu kwa mtoto huyo, kwamba alifanya kazi chini ya kiwango, kwamba kuna madhara, na kwamba madhara yale yalitokana na upungufu ule hasa wala si na ugonjwa wenyewe. Kiwango chenyewe hupimwa kwa kuangalia madaktari wengine wenye ujuzi kama wake wangefanya nini. Ni kipimo kilichotokana na kesi ya London ya mwaka 1957, na mahakama za Kenya zimekitumia mara nyingi.

Sasa tuseme daktari yule wa kwanza alimpima mtoto shingo, akauliza kama ametapika au kupoteza fahamu, hakuona dalili ya hatari, kisha akamwambia mama: akikataa kula, akilegea au akidegedega, mrudishe hapa hata kama ni usiku wa manane. Huyo hajazembea, ingawa mtoto amebaki na ulemavu. Badilisha jambo moja tu. Hakumgusa mtoto, aliandika dawa akitazama karatasi ya maabara peke yake. Katika sehemu ambako watoto wengi wana vijidudu vya malaria kwenye damu, karatasi ya maabara haimalizi swali la homa, na daktari yeyote wa kanda hiyo anafaa kulijua hilo. Mtoto ni yule yule, ugonjwa ni ule ule, matokeo ni yale yale, ila sasa pana kesi.

Hata hapo safari bado. Wakili wa hospitali atauliza: kama ugonjwa ungegunduliwa siku ya kwanza, masikio yangepona? Swali hilo hulijibu daktari bingwa mwingine, anayekubali kufika mahakamani na kutoa ushahidi kuhusu kazi ya mwenzake. Ndiyo sababu kesi za uzembe wa matibabu ni ghali, ni ndefu, na nyingi huanguka. Namwambia hivi kila anayeniuliza, si ili kumkatisha tamaa, ila asije akauza shamba kwa ajili ya kesi ambayo shida yake hasa ilikuwa ni maneno.

Maneno nayo si jambo dogo

Kuna watu husema, "ilimradi dawa imefanya kazi, matusi yatapita." Siwaungi mkono, na Mahakama Kuu ya Bungoma pia haikuwaunga mkono.

Mnamo Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza huduma za uzazi bila malipo, mwanamke mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali iliyokuwa ya wilaya ya Bungoma. Uchungu ulipomzidi alikosa wa kumsaidia, akaanguka na kujifungulia sakafuni. Alipopata fahamu, wauguzi walikuwa wakimchapa makofi na kumfokea kwa kuchafua sakafu. Kisa hicho kilinaswa kwa simu, nchi nzima ikaona. Machi 2018 mahakama iliamua kwamba haki zake za kuheshimiwa utu na kupata huduma za afya zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, na aombwe radhi rasmi.

Ninakitaja kisa hiki kwa sababu mtoto alizaliwa hai. Anayepima kila kitu kwa matokeo angesema hapakuwa na hasara. Mahakama iliona kwamba kumdhalilisha mgonjwa ni kosa linalojitegemea, kwa kuwa Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu katika kifungu cha 28, kando na haki ya afya iliyo katika kifungu cha 43.

Na hata bila kofi, mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, gharama, na haki yake ya kukataa. Inasema zaidi kwamba, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kwa hiyo shangazi alipouliza "naugua nini?" hakuwa akimchokoza mtu. Alikuwa akidai kitu ambacho kimeandikwa katika sheria za nchi. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unaongeza haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Daktari anayenuna kwa sababu umetaka maoni ya pili ndiye aliye nje ya mstari.

Huyo uliyemwita daktari ni nani?

Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Aliyekudunga sindano ni daktari, anayeuza dawa kwenye duka la mtaani ni daktari, hata wa maabara ni daktari. Katika mazungumzo haina neno. Katika malalamiko inaweza kukugharimu mwaka mzima, maana kila taaluma ina baraza lake na hakuna baraza linaloadhibu mtu wa baraza jingine.

Madaktari na madaktari wa meno wako chini ya baraza linalojulikana kwa herufi za KMPDC, ambalo hadi 2019 liliitwa bodi. Baraza hilo hilo ndilo linalotoa leseni kwa hospitali, kwa hiyo hata lalamiko kuhusu hospitali yenyewe laweza kufika huko. Maafisa wa kliniki, ambao ndio watu wengi hukutana nao katika vituo vya afya vya mashinani, wana Baraza la Maafisa wa Kliniki. Wauguzi wana lao. Wafamasia na maduka ya dawa wako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Wa maabara nao wana bodi yao.

Basi uliza jina na cheo, kwa heshima, siku ile ile. "Samahani, nimehudumiwa na nani?" Sajili ya KMPDC iko kwenye mtandao, andika jina la daktari utaona kama amesajiliwa na kama leseni yake ya mwaka huu ipo. Jina lisipoonekana, usikimbilie kusema ni daktari bandia. Huenda ni afisa wa kliniki aliyesajiliwa kwingine kabisa. Likikosekana kote, hapo jambo limekuwa la polisi.

Anzia pale pale

Sheria ya Afya, kifungu cha 14, inampa mtu yeyote haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa katika kituo cha afya na lalamiko lake kuchunguzwa. Hospitali inatakiwa kubandika utaratibu wa kulalamika mahali panapoonekana, na mlalamishi ana haki ya kujibiwa kwa maandishi katika muda wa miezi mitatu. Sifahamu watu wengi waliowahi kuidai barua hiyo. Wengi huishia kufoka kwenye dirisha la kulipia, ambako aliyeketi ni karani asiyejua lolote kuhusu mgonjwa wao.

Lalamiko la maneno makali, la kusubirishwa kupita kiasi, la kukosa maelezo au la bili isiyoeleweka, kwa maoni yangu lianzie hapo, na mara nyingi huishia hapo. Lipelekwe kwa msimamizi wa hospitali, kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hospitali za umma za kaunti zina mlango wa pili: idara ya afya ya kaunti, kwa kuwa tangu 2013 huduma hizi ziko mikononi mwa kaunti. Na ofisi ya umma ikikuzungusha bila jibu, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman, ambayo ina ofisi Kisumu. Kufungua lalamiko huko hakuhitaji wakili.

Barazani huendi kwa kila kitu. Nenda pale ambapo mwenendo au ujuzi wa daktari mwenyewe unatia shaka: alipasua bila ridhaa, alikuja kazini amelewa, alitoa siri ya mgonjwa, alimshika mgonjwa isivyofaa, alirudia kosa ambalo mwenzake asingelifanya. Baraza litamtaka daktari ajibu, litaitisha faili, na likiona pana jambo litasikiliza pande zote mbili. Laweza kumwonya, kumrudisha mafunzoni, kumsimamishia leseni, au kufuta jina lake kabisa katika sajili. Kumfunga jela haliwezi. Anayetaka fidia inayotokana na hukumu huenda mahakamani, na aliyepigwa au kudhulumiwa kimapenzi aende polisi kwanza, siku hiyo hiyo, kabla ya kuoga na kabla ya barua yoyote.

Kuna kosa moja ambalo halingoji ofisi yoyote. Kama mgonjwa yuko katika hali ya dharura na anaambiwa alipe kwanza, kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kitaje hapo hapo mlangoni, kwa sauti ya utulivu, kwa jina lake na nambari yake. Nimeona likifanya kazi.

Faili, daftari na kumbukumbu

Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alishike, ni hili: aliye na karatasi ndiye anayesikilizwa. Katika hospitali nyingi za umma mgonjwa hutembea na daftari lake la shilingi chache, daktari anaandika humo. Akina mama wana kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Watu huvitupa au kuwapa watoto wachoree. Vitunze. Piga picha kila ukurasa kabla hujatoka getini, pamoja na majibu ya maabara, karatasi ya dawa, risiti na hata pakiti ya dawa yenyewe.

Faili inayobaki hospitalini nayo unaweza kuomba nakala. Kwa hospitali ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama linahusu maisha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona taarifa zinazokuhusu, iwe hospitali ni ya umma au ya kibinafsi. Omba mapema. Faili hupotea, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

Kisha andika kumbukumbu yako usiku wa siku ile ile: saa ulizofika na kuingia, aliyekuwepo, maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa. Usiandike "alinidharau." Andika alichosema. Tulipomkalisha shangazi kuandika, tuligundua kwamba baada ya wiki moja tu, tayari yeye na mimi tulikuwa tunabishana kama daktari alisema "wewe au mimi" au "mimi au wewe." Fikiria baada ya miaka miwili.

Muda wenyewe haukungoji. Kwa kawaida dai la uzembe hupaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3. Dhidi ya Serikali, sheria inatoa miezi 12 tu. Anayemlalamikia mhudumu wa hospitali ya umma amwone wakili mapema, asijitulize na hesabu ya miaka 3.

Upande wa pili wa meza

Mmoja wa madaktari niliozungumza nao alinyamaza muda mrefu nilipomweleza kisa cha shangazi. Hakumtetea mwenzake. Aliniambia tu kwamba mgonjwa wa arobaini kwa siku hupokelewa na daktari tofauti na wa kwanza, ingawa jina ni moja. Madaktari wa nchi hii waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na tena siku 56 mwaka 2024. Uchovu hauhalalishi dharau. Lakini unatuonyesha lawama iende kwa nani. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa ambacho hakikuhitaji kupasuliwa, kwa kuwa wagonjwa wawili walikuwa wamechanganywa. Ukimwadhibu aliyeshika kisu peke yake, mkanda wa jina anaovishwa mgonjwa utachanganywa tena kesho.

Mgonjwa naye ana wajibu. Sheria ile ile ya Afya ya 2017 inamtaka aseme ukweli kuhusu hali yake na awaheshimu wahudumu, na inamruhusu mhudumu kukataa kumtibu anayemtukana au kumpiga, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Na lile jina nililotaka kulianika Facebook? Wakili aliniambia kwamba daktari angeweza kunishtaki kwa kumchafulia jina, na kesi ikahama kutoka kwa kosa lake hadi kwa langu. Nilifurahi kwamba usiku ule bando liliniishia.

Barua ya nusu ukurasa

Shangazi hakwenda mahakamani wala barazani. Aliiandikia hospitali barua ya nusu ukurasa. Alitaja tarehe na saa, akasema hakuchunguzwa, akanukuu jibu alilopewa, kisha akaomba vitu vitatu: aelezwe ugonjwa wake, apewe nakala ya faili, na ajibiwe kwa maandishi. Hakuomba mtu afutwe kazi. Binamu yangu alisema barua imelegea. Muuguzi jirani yetu aliisoma mara mbili na kusema iko sawa.

Jibu lilichukua wiki tano. Walimwomba radhi, wakasema daktari ameitwa na kuzungumziwa, wakamkaribisha aonwe na mwingine bila malipo. Tulikwenda. Daktari wa pili alifungua faili, akamwonyesha kwamba siku ile muuguzi wa mapokezi alimpima presha akaikuta juu, kama ilivyokuwa katika ziara mbili za awali, na kwamba dawa aliyoandikiwa ilikuwa ndiyo. Dawa ilikuwa sahihi! Tungeshtaki kwa uzembe wa dawa, tungeshindwa.

Akampima upya: 178 kwa 104. Akauliza kama anameza vidonge vyake. Shangazi akasema alivimeza vyote vya mwezi mzima, vikaisha, akashukuru Mungu amepona, kama mtu anavyomaliza dozi ya malaria. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba presha haina dozi ya kumaliza. Kulikuwa na nafasi moja tu ya kumwambia, nayo ni pale alipouliza anaugua nini.

Daktari alisogeza kiti karibu, akamweleza kwa Kiswahili, taratibu, akamwacha aulize mpaka maswali yakaisha. Kisha akachukua daftari la shangazi akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka: kila siku asubuhi, hata ukijisikia vizuri.